GARI LIMELALA MIEZI MIWILI, NA BETRI JE? (Soma kabla hujakimbilia Gerezani)

Wiki hii siasa tunaiweka pembeni kidogo, tuongelee kitu kinachokula hela za watu kimya kimya hapa mjini: betri ya chombo kilichoegeshwa. Iwe Noah, iwe bajaji inayosubiri vibali, iwe pikipiki ya mtu aliyesafiri, iwe lile libetri la inveta lililosahauliwa chini ya ngazi. Wengi wetu (na mimi nilikuwemo) tunadhani kitu kisipotumika hakichakai. Kwa betri ni kinyume kabisa.

Nianze na yaliyotukuta sisi. Baba mdogo ana Noah yake anayoikodisha kwenye harusi na misiba. Masika fulani mvua zikakaza, kazi zikakata, akaiegesha nyuma ya nyumba pale Ilala, akaifunika turubai, akaenda zake Kilwa kwenye biashara ya ufuta. Funguo akamwachia mama mdogo, ambaye alikuwa mjamzito. Wiki ya tisa, saa nane usiku, uchungu ukamshika. Mimi ndo nikatumwa niwashe gari. Nikafunua turubai, nikaingia, nikapiga selfu... tk, tk, tk. Basi. Taa za dashibodi zikawaka kidogo rangi ya chai, zikazimika.

Majirani wakatoka na pensi zao, wakaanza kusukuma. Mzee mmoja akatuangalia akasema, "Wanangu, hilo ni otomatiki, mtasukuma mpaka Buguruni halitawaka." Na kweli. Gari la gia za mkono ukilisukuma na kuachia klachi, matairi yanaizungusha injini. Kwenye otomatiki kati ya injini na giaboksi kuna mafuta, na pampu ya kuyasukuma hayo mafuta inazungushwa na injini yenyewe. Injini ikiwa imekufa, matairi hayana cha kuzungusha. Tukaenda na bajaji ya jirani, kwenye mashimo na madimbwi, mama mdogo anatutukana sote. Mtoto alizaliwa salama, wa kike. Ana jina lake zuri tu lakini nyumbani mpaka leo tunamwita Bajaji, teh teh teh.

Asubuhi nikaenda Gerezani kutafuta betri, nikauziwa "iliyofufuliwa" na kijana mmoja wa pembeni ya barabara. Ilidumu wiki tatu. Niliporudi kulalamika yule kijana hayupo, ila akawepo fundi betri mtu mzima aliyenionea huruma, akanikalisha kwenye tairi na kunipa somo. Mengine nimeyasoma baadaye kwenye kompyuta hizi hizi tunazolipia kwa saa.

Betri ya gari ni kitu cha zamani sana. Mfaransa Gaston Planté ndiye aliyeitengeneza mwaka 1859, kabla gari lenyewe halijakuwepo, na mpaka leo mpango ni ule ule: sahani za madini ya risasi zimezamishwa kwenye maji yaliyochanganywa na asidi ya salfuriki. Betri ya volti 12 ina vyumba sita, kila chumba kinatoa volti 2 na kidogo. Ukitumia umeme, asidi inaingia kwenye sahani na kuzigeuza uso kuwa salfeti ya risasi, na yale maji yanabaki mepesi. Ukichaji, ile salfeti inarudi ilikotoka. Hapo hakuna tatizo.

Tatizo linakuja betri ikibaki bila chaji kwa muda. Ile salfeti mwanzoni ni laini, chembe ndogo ndogo, na chaja inaiyeyusha kirahisi. Ikiachwa wiki na wiki inaanza kuganda, chembe zinashikana na kuwa ngumu. Fikiria uji uliosahau kuosha kwenye sufuria. Leo unatoka kwa maji, keshokutwa unauparua kwa kisu. Betri ikifika hapo unaweza kuichaji usiku kucha, sehemu ya sahani iliyoganda haipokei kitu. Betri yako ya Ah 45 inabaki ya Ah 15, lakini kwa nje ni ile ile na stika zake. Kwa hiyo betri iliyolala haiui na kulala, inauliwa na kulala na NJAA.

Sasa nani anaila hiyo chaji wakati gari limezimwa? Wapo wawili.

Wa kwanza ni betri yenyewe. Hata ukiiweka juu ya meza bila waya wowote inavuja ndani kwa ndani. Betri nyingi za siku hizi zinapoteza kama asilimia 3 mpaka 5 kwa mwezi, za kizamani zaidi ya hapo, na hesabu hizo ni za kwenye ubaridi ubaridi. Mafundi wana kanuni kwamba joto likipanda nyuzi 10, uvujaji huo karibu unazidi mara mbili. Na Dar unaijua mwezi wa pili. Gari lililofungwa vioo juani, chini ya boneti ni jiko. Ndo maana ushauri wa Wazungu kwenye intaneti wa kuangalia betri "kila baada ya miezi mitatu" hautufai sana. Wao magari yao ya kutembelea na kulala yanaegeshwa wakati wa baridi. Ya kwetu yanaegeshwa kwenye joto.

Wa pili ndo mwizi mkubwa. Gari halizimiki lote unapotoa ufunguo. Kuna saa, kuna kumbukumbu ya redio, kuna kompyuta ya injini, kuna alamu inayokonyeza taa nyekundu, na siku hizi kuna kifaa cha kulifuatilia gari ambacho waliokukopesha bajaji wamekifungia ndani. Vyote hivyo pamoja vinaweza kunywa miliampea 50 bila hata ubovu wowote. Inaonekana kidogo, lakini piga hesabu: miliampea 50 kwa saa 24 ni Ah 1.2 kwa siku. Noah ya baba mdogo ilikuwa na betri ya Ah 45. Gawanya, unapata siku 37 hivi. Sisi tulikwenda kuipiga selfu siku ya sitini na kitu! Ilishakufa zamani, na zile wiki zilizofuata ilikuwa inaganda tu. Halafu usisahau kwamba haihitaji kuisha yote. Kuzungusha injini kunataka nguvu kubwa kwa mara moja, kwa hiyo betri iliyobaki na robo inakuchekea tu.

Dawa ya huyo mwizi ni spana namba 10. Unafungua kichwa cha HASI (ile nguzo yenye alama ya kutoa, mara nyingi waya mweusi), unakiweka pembeni, umemaliza. Kwa nini hasi kwanza? Kwa sababu bodi zima la gari limeunganishwa na hasi. Ukianza na chanya halafu spana yako ikagusa bodi, umefunga saketi kwa chuma. Cheche zake si za mchezo, nimeona spana iliyolika kama imeumwa na panya. Kurudisha ni kinyume chake, chanya kwanza, hasi mwisho. Redio itasahau stesheni na saa itaanza upya, vumilia. Na usifungie funguo ndani ya gari ambalo milango yake inategemea rimoti, maana ukishatoa betri rimoti haifanyi kitu. Wenye vyombo vya mkopo vyenye kifaa cha kufuatilia, mpigie simu mwenye chombo KABLA hujafungua waya, asije akadhani umekimbia nacho.

Wengine wanaona usumbufu, wanasema mimi naiwasha kila Jumapili dakika tano inatosha. Haitoshi. Gari likiunguruma pale pale lilipo, altaneta inazunguka polepole, na kama umewasha feni na redio inabaki chaji kiduchu. Tena injini inayowashwa bila kupata moto vizuri inajaza unyevu kwenye mafuta na egzosi. Kama unataka kuiwasha, itoe, izungushe nusu saa au dakika arobaini. Nenda hata Kigogo urudi. Kama huna hela ya mafuta basi fungua waya, bure kabisa.

Ila kufungua waya kunamzuia mwizi wa pili tu, yule wa kwanza bado yupo. Hapo ndo unahitaji mita. Wadau, kale kamita ka kupimia umeme kanakouzwa Kariakoo kwenye maduka ya vifaa vya umeme ni ka bei ndogo kuliko hata betri ya pikipiki. Weka kwenye volti za DC, gusa nguzo mbili, soma. Pima gari likiwa limelala saa kadhaa, sio umetoka kuendesha au kuchaji sasa hivi, maana inakupa chaji ya juu juu inayodanganya. Ikisoma 12.6 au 12.7 imejaa. Ikisoma 12.4 imebaki kama robo tatu, na hapo ndo pa kuichaji, usingoje. 12.2 ni nusu. 12.0 ni kama robo. Chini ya 11.8 imekwisha na kila siku unayochelewa inaganda. Mwezi mara moja inatosha, miezi ya joto mara mbili.

Kuchaji sasa. Ukipeleka kwa fundi anayechaji betri, muulize anaingiza ampea ngapi. Kanuni ya kawaida ni sehemu moja ya kumi ya ukubwa wake: betri ya Ah 70 (ile N70) ampea 7, ya Ah 45 ampea 4 na nusu. Itachukua saa nyingi, usiku mzima mara nyingine. Wapo wanaokuwahishia kwa ampea 30 uondoke nayo baada ya saa moja. Inachemka, sahani zinapinda, unga wake unadondoka chini. Unaondoka umefurahi, mwezi ujao unarudi.

Kwa mwenye gari linalolala muda mrefu, kuna njia nzuri kwa jiji lenye jua kama hili: paneli ndogo ya sola ya wati 10 pamoja na kontrola yake. Kwa jua la saa tano inaweza kurudisha karibu Ah 3 kwa siku, ambayo inazidi hata ile Ah 1.2 ya mwizi. Usiunganishe bila kontrola, paneli itaendelea kusukuma betri ikiwa imeshajaa na kuikausha maji.

Naomba hapa msome taratibu. Betri inapochajiwa, hasa mwishoni, inatoa hewa ya haidrojeni na oksijeni. Haidrojeni ikifika asilimia 4 tu ya hewa ya chumba inaweza kulipuka kwa cheche. Sasa fikiria chumba chetu kimoja cha Kariakoo, dirisha limefungwa kwa ajili ya mbu, betri inachajiwa chini ya kitanda, na mtu anawasha jiko au sigara. Chaji nje au barazani, penye upepo, watoto wasifike. Zima chaja ukutani kwanza ndio utoe vibanio. Ukisikia harufu ya mayai yaliyooza, betri imezidishiwa au imeharibika. Zima na upishe hewa. Asidi ikikurukia jichoni, maji safi mengi yanayotiririka dakika 15 au zaidi, halafu hospitali, hata kama unaona nafuu.

Maji nayo. Kwa zile betri za maji zenye vifuniko sita, sahani zisionekane kavu hata siku moja. Unachoongeza ni maji ya betri, yale yaliyochujwa kwa mvuke, yanauzwa kwenye chupa. SIO maji ya kisima. Visima vingi vya Dar vina chumvi, hata chai yake unaionja, na chumvi hiyo inakula sahani. Na SIO asidi. Kinachopungua kwenye betri ni maji, asidi imebaki mle mle. Ukiongeza asidi unaifanya kali kupita kiasi. Jaza baada ya kuchaji, si kabla, kwa sababu ikichajiwa maji yanapanda na yatafurika. Ila kama sahani zimeshakuwa wazi, ongeza kidogo zifunikwe ndipo uchaji. Ule ukungu wa kijani na mweupe kwenye vichwa unatoka kwa magadi, haya haya ya kulainishia maharage, yakorogwe kwenye maji na kusuguliwa kwa mswaki wa zamani. Hakikisha vifuniko vimefungwa, magadi yakiingia ndani yanaua asidi. Kausha, paka grisi.

Na lile la kusema ukiweka betri kwenye sakafu ya saruji inanyonywa chaji, nimelisikia kwa kila mzee. Lilikuwa na ukweli zamani, makasha yalipokuwa ya mbao na mpira yanayopitisha unyevu. Makasha ya leo ni plastiki. Weka hata kwenye saruji, muhimu pawe pakavu na pasiwe na joto. Ila wazee wetu wacha waendelee kuweka ubao, hauna madhara.

Nirudi kwa ile betri yangu ya kufufuliwa, maana najua wengi mmepigwa. Kilichofanyika ni hiki: betri mbovu inamwagwa maji yake ya zamani, inajazwa asidi mpya kali, inachajiwa kidogo. Volti za betri iliyotulia zinafuata ukali wa asidi, kwa hiyo mita inasoma 12.7 safi na wewe unalipa. Lakini sahani ni zile zile zilizoganda na kumong'onyoka. Njia ya kumkamata ni kupima ikiwa KAZINI. Ifungeni kwenye gari, mmoja apige selfu, mwingine aangalie mita. Betri nzima haishuki chini ya volti 9.6 au 10 injini inapozungushwa. Ikidondoka mpaka 7, mrudishie mwenyewe.

Betri mpya ya dukani nayo imelala, tena labda kwenye stoo ya bati. Omba ipimwe mbele yako kabla hujatoa hela. Chini ya 12.4, omba nyingine. Zile za pikipiki zinazokuja kavu na chupa ya asidi pembeni ni salama zaidi, hazianzi kuzeeka sana mpaka zijazwe. Lakini zikijazwa, zipewe kama nusu saa zinywe, kisha zichajiwe kwanza. Mwenye haraka anayekufungia hapo hapo na kukwambia "itajichaji njiani" anakuibia miezi.

Kuna kundi jingine sijalisahau, wenye betri za inveta. Kwenye ule mgao wa mwishoni mwa 2023 na mwanzo wa 2024 watu walinunua kwa fujo. Februari 2024 mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere ukaanza kuzalisha, mgao ukapungua, na baadhi ya inveta zikachomolewa ukutani kuokoa luku. Hizo betri ndo zinaganda sasa hivi hapo sebuleni. Iache inveta ikiwa imechomekwa ishike chaji, au uichomeke siku nzima kila mwezi. Vivyo hivyo kwa Land Cruiser za safari zenye betri ya pili ya friji. Kambi nyingi za huko kusini, Nyerere na Ruaha, zinafunga masika, na betri ya pili ndio inayosahaulika kwa sababu gari linawaka vizuri tu bila hiyo.

Wenye pikipiki na bajaji za umeme zenye betri za lithiamu, msifuate niliyoandika juu. Lithiamu haitaki kulazwa imejaa wala imekwisha. Iache kati ya asilimia 40 na 60, mahali pa baridi, uikague baada ya miezi michache. Hata simu ya akiba kabatini ni hivyo hivyo.

Na ikishakufa kabisa? Usiivunje. Wapo wanaonunua betri mbovu kwa kilo, na risasi yake ina thamani, ila angalia nani anaichukua na anaiyeyushia wapi. Pale Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kilifanya kazi katikati ya makazi ya watu kuanzia 2007 mpaka 2014, sumu ya risasi ikaingia kwenye damu za watoto. Mama mmoja, Phyllis Omido, aliyewahi kuajiriwa hapo na mwanawe akaathirika, aliongoza mapambano hayo na mwaka 2015 akapewa tuzo ya Goldman ya mazingira. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya, kesi ikakatiwa rufaa, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha hukumu hiyo. Kwa hiyo ukimwona mtu anachoma sahani za betri uani kwenu kwa jiko la mkaa, huyo si fundi tu wa mtaani, anawalisha watoto wenu sumu. Mfukuze.

Noah ipo bado. Baba mdogo amekwenda tena Kilwa, safari hii waya wa hasi nimeufungua mwenyewe na kuufunga kitambaa, na Jumapili iliyopita mita ilisoma 12.5. Ninachotafuta sasa ni haidromita, kile kichupa cha kupimia ukali wa maji ya betri chumba kwa chumba. Nilizoziona Kariakoo mbili zote boya lake halielei sawa. Mdau anayejua duka lenye nzima aandike hapo chini, na bei.